Lugha ya Kijiweni na Mipaka ya Undugu

Wahenga wetu walisema kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Methali hii hutumiwa kumwasa mgeni afuate desturi za wenyeji wake. Lakini ndani yake mna ukweli mwingine ambao aghalabu hatuutazami: kila kikundi cha watu huwa na alama yake, na asiye na alama hiyo hukaa nje hata akiwa ameketi katikati yao. Jicho ni ghali, na hakuna avunjaye jicho lake ili apate rafiki. Alama iliyo rahisi kuliko zote, isiyohitaji fedha wala chale mwilini, ni neno. Mtu husema neno moja tu, nasi hutambua mara moja kama ni mwenzetu au si mwenzetu.

Katika makala haya tunakusudia kuichunguza alama hiyo kama inavyoonekana katika lugha ya vijana wa mijini, ile ambayo wataalamu huiita simo au misimu, na ambayo watu wengi huiita lugha ya mitaani au lugha ya kijiweni. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mazungumzo juu ya lugha hiyo yamekuwa zaidi mazungumzo ya usanifu. Huulizwa: je, neno hili ni sahihi? Je, linaharibu Kiswahili? Maswali hayo yana mahali pake, nasi hatuna nia ya kuyadharau. Lakini tunaona kwamba yamelifunika swali lililo kubwa zaidi. Simo ni mlango. Na mlango haupimwi kwa uzuri wa mbao zake tu, bali pia kwa kuangalia unamwingiza nani na unamfungia nani nje.

Jina lenyewe la misimu lina mafunzo. Msimu ni majira. Kwa mabaharia wa pwani yetu ulikuwa ni wakati wa pepo: kaskazi ikivuma majahazi yaliingia kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikianza yaliondoka. Neno la msimu nalo huja kwa wakati wake na huondoka kwa wakati wake. Tofauti ni kwamba upepo hauna mtu aufukuzaye, ilhali neno la msimu hufukuzwa na walewale waliolizaa. Sababu ya kulifukuza tutaieleza hapa chini.

Wapo wadhanio kwamba mambo haya yameletwa na miji ya siku hizi, redio na simu za mkononi. Historia haikubaliani nao. Katika karne ya kumi na tisa Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekaa Unguja, alikusanya hadithi za Waswahili na kuzichapisha mwaka 1870. Alionyesha pia mfano wa kinyume, yaani usemi wa kuhamisha silabi ya mwisho ya neno na kuiweka mwanzo. Kwa kanuni hiyo maji huwa jima, na nyama huwa manya. Aliyezoea husema haraka kama kawaida, na asiyezoea husikia sauti za Kiswahili bila ya kupata maana yake. Basi hata katika mji ambao kila mtu alijua Kiswahili, watu waliona haja ya kujenga chumba cha ndani ambamo wao kwa wao wataelewana na mwingine atabaki barazani. Kiunguja hakikufa kwa ajili hiyo. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Tuje sasa Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mabasi ya Shirika la Usafiri Dar es Salaam hayakuutosheleza mji uliokuwa ukikua upesi, na mwaka 1983 Serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi kuchukua abiria. Kwa maelezo yaliyozoeleka, nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano ilikuwa ikiitwa dala, kwa kuifananisha na dola ya Marekani. Makondakta wakaita “dala, dala”, na basi likapata jina. Leo daladala ni neno la kila mtu: waziri hulitamka, gazeti huliandika, kamusi hulifasiri. Hakuna tena anayetambulika kuwa mtoto wa mjini kwa kulisema.

Lakini ndani ya daladala hilohilo pana maneno ambayo bado yana wenyewe. Dereva ni suka, kondakta ni konda, abiria ni vichwa, mwanafunzi ni denti, na yule amshikiaye mwenziwe kazi kwa siku moja ni deiwaka. Maneno haya kwanza ni zana za kazi, kwa kuwa humwezesha konda kumpa suka habari kwa ufupi katikati ya makelele. Lakini yana kazi ya pili. Kijana aliyetoka kijijini juzi akipata kibarua cha kuita abiria kituoni, hahesabiwi kuwa mmoja wao kwa kuzijua njia za mji. Huhesabiwa siku ile anapotamka vichwa bila ya kusitasita, na wenzake wakamjibu bila ya kutabasamu. Hapo ameingia. Hakuna cheti alichopewa, wala hakuna kikao kilichomjadili. Neno limemshuhudia.

Sisi wenyewe tulipata funzo la jambo hili katika kijiwe kimoja cha Magomeni. Tulipita mahali ambapo vijana wa bodaboda walikuwa wakisubiri abiria chini ya mwembe, nasi tukataka kuanza mazungumzo kwa wepesi. Tukawasalimu kwa maneno tuliyoyajua tangu miaka ya 1990: “Mambo, masela?” Vijana wakatazamana. Kisha mmoja akashuka katika pikipiki yake, akainamisha kichwa kidogo na kusema: “Shikamoo, mzee.” Hatukutukanwa. Tulipewa heshima kamili, na kwa heshima hiyohiyo tukarudishwa nje ya mlango. Tulipokwisha kupita tuliwasikia wakilirudia neno letu na kucheka.

Kisa hiki, ingawa ni kidogo, chatupa kanuni mbili. Kanuni ya kwanza ni kwamba maana ya simo haimo ndani ya neno peke yake, bali imo pia katika kinywa kinacholitamka. Neno “msela” limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya baharia. Vijana walilichukua kwa sababu baharia ni mtu asiye na tajiri nchi kavu, ajuaye bandari za mbali na ajitegemeaye. Sisi tuliijua maana hiyo, na pengine tuliijua kuliko wao. Hata hivyo neno halikutukubali, kwa sababu umri wetu na mavazi yetu yalisema kinyume chake. Kanuni ya pili ni kwamba simo ikijulikana na kila mtu imekwisha kazi. Ufunguo ulio mikononi mwa mji mzima haufungi kitu. Kwa hiyo wenye nyumba hubadili kitasa, nasi tunaobaki na ufunguo wa zamani hutambulika kwa huo ufunguo wenyewe.

Hii ndiyo sababu ya misimu kupita upesi. Katika miaka ya 1990 muziki wa kizazi kipya, ambao baadaye ulikuja kuitwa Bongo Fleva, uliyachukua maneno ya vijiwe vya Dar es Salaam na kuyapeleka kwa njia ya redio hadi Songea na Bukoba. Jina la Bongo lenyewe lilikuwa simo: mji ambao hauishiki ila kwa akili nyingi. Likaanza kuwa la Dar es Salaam, kisha likawa la nchi nzima. Mwaka 2006 wataalamu Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walichapisha uchunguzi juu ya lugha ya mitaani ya Tanzania pamoja na orodha ndefu ya maneno yake. Kazi hiyo ni hazina kwa msomi. Lakini kwa kijana wa kijiweni, neno kuingia katika orodha ni dalili kwamba wakati umefika wa kutafuta jingine.

Jirani zetu wa Kenya wana mfano ulio mpana zaidi, nao ni Sheng ya Nairobi. Lugha hiyo ilikulia katika mitaa ya mashariki ya mji huo, kama vile Pumwani, Kaloleni na Shauri Moyo, ambako familia za makabila mbalimbali ziliishi karibu karibu katika nyumba ndogo. Watoto walicheza pamoja uani, na kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake aliyoiacha mlangoni. Wakajenga yao kwa sarufi ya Kiswahili na msamiati wa kuokoteza popote: Kiingereza, Kikuyu, Kijaluo, Kikamba. Hata kile kinyume cha Unguja kimo ndani yake, kwani “stori” huwa “risto”. Mwaka 2003 Ireri Mbaabu na Kipande Nzunga walitoa kamusi ya Sheng, iliyochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Yafaa tuitazame Sheng kwa haki. Katika nchi ambayo kabila limetumiwa mara nyingi kuwagawa watu wakati wa uchaguzi, kundi la vijana ambao usemi wao hauonyeshi mara moja kwamba huyu ni wa wapi si jambo la kudharauliwa. Mlango huo uliwafungulia wengi. Lakini uliondoa uzio mmoja na kujenga mwingine, kwa kuwa asemaye Sheng hujulikana mtaa wake na rika lake, na mara nyingi kipato cha wazazi wake. Watoto wa mitaa ya matajiri nao wakajitengenezea ya kwao, yenye Kiingereza kingi, ambayo imeitwa Engsh. Hivyo vijana wa mji mmoja wakawa na vyumba viwili, na ukuta uliovitenganisha haukuwa wa kabila bali wa mali.

Tumefika sasa kwenye kiini cha hoja yetu. Wale wanaoilaumu lugha ya kijiweni husema kwamba inavunja sarufi. Sisi twasema kwamba lawama hiyo haikugusa penyewe. Sarufi ya Kiswahili ni imara: kijana asemapo “madenti” ameliingiza neno la kigeni katika ngeli, akalipa wingi wake kwa utaratibu uleule alioutumia bibi yake. Ikiwa kuna ubaya katika simo, hauko katika umbo la neno. Uko katika upande ambao kicheko kinaelekea. Yako maneno ambayo mnyonge huyatumia kumcheka mwenye nguvu, na yako maneno ambayo mwenye nafasi huyatumia kumcheka asiye nayo. Kuyaweka yote katika kapu moja kwa sababu tu hayakusanifiwa ni uhakiki mvivu.

Tuchukue neno “wabenzi”. Hili lilizuliwa na wananchi wa Afrika Mashariki katika miaka ya mwanzo ya uhuru, kwa mfano wa majina ya makabila, ili kuwataja wakubwa waliopanda magari ya Mercedes-Benz wakati wenzao wakitembea kwa miguu. Halikutoka katika baraza lolote la lugha. Lakini kwa silabi tatu lilisema kwamba kumezaliwa kabila jipya lisilo na kijiji wala babu, ambalo mila yake ni gari. Vivyo hivyo “mlalahoi”: maskini alijiita mwenyewe kwa jina hilo, na kwa kujiita akapata wenzake. Hapa simo ilifanya kazi ya uhakiki wa jamii, na iliifanya vizuri kuliko hotuba nyingi.

Sasa tuchukue neno “mshamba”. Asili yake ni mtu wa shamba, yaani mkulima. Mjini limekuwa tusi. Mtu akiogopa kuvuka barabara, ni mshamba. Akiuliza njia mara mbili, ni mshamba. Akivaa suruali ya mwaka juzi, ni mshamba, hata kama amezaliwa Kariakoo. Tukumbuke kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka kilimo kuwa msingi wa maendeleo, na mwaka 1972 chama cha TANU kilitangaza huko Iringa kwamba siasa ni kilimo. Majukwaani mkulima alikuwa uti wa mgongo wa taifa. Barazani, katika nchi hiyohiyo na siku hizohizo, jina lake lilikuwa la kuchekwa. Hata leo, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, walio wengi katika watu wetu wanaishi vijijini. Taifa ambalo tusi lake jepesi kabisa ni jina la kazi ya watu wake wengi lina jambo la kujiuliza.

Na hapa ndipo ilipo hoja ambayo walinzi wa usanifu hawaipendi. “Mshamba” si neno la kijiweni tu. Limo katika kamusi, na maana yake ya dharau imo pamoja nalo, wala hakuna mwalimu atakayelikata kwa wino mwekundu. Kabla yake palikuwa na “mshenzi”, ambalo watu wa pwani walilitumia kwa mtu wa bara, kinyume cha “mwungwana” wa mji. Maneno hayo nayo yalikuwa milango ya kikundi kidogo kilichojiona bora. Yalisanifiwa kwa sababu kikundi hicho kilikuwa na nguvu. Kwa hiyo usanifu haulisafishi neno. Neno laweza kuwa sanifu na likawa limemfukuza ndugu yetu, na laweza kuwa la kijiweni na likawa limemkaribisha.

Kipimo hikihiki hatuna budi kukitumia kwa vijana wenyewe, bila ya kuwaonea haya. Lugha yao ina maneno mengi ya kumtaja mwanamke, na katika hayo mengi ni ya vitu: chombo, mzigo, kifaa. Twaweza kusifu wepesi wa ubunifu, lakini lazima tuulize ni nani aliyekuwa kijiweni wakati maneno hayo yakitungwa. Vijiwe vingi ni mahali pa wanaume. Msichana hupita mbele yake akiongeza mwendo, na hujua maana ya neno bila ya kuwa na ruhusa ya kulijibu. Undugu unaojengwa kwa kumfanya dada kuwa mzigo ni undugu wa nusu.

Msomaji aweza kudhani kwamba tunazungumzia vijana peke yao. La hasha. Wakubwa nao wana kijiwe chao. Katika miaka ya TANU, na baadaye ya Chama cha Mapinduzi chini ya mfumo wa chama kimoja, jina la kumwitia kila mtu lilikuwa “ndugu”. Rais alikuwa ndugu na mfagiaji alikuwa ndugu. Neno hilo nalo lilikuwa alama ya kikundi, lakini kikundi chenyewe kilikusudiwa kuwa taifa zima. Na ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilihusu undugu wa binadamu wote. Hatusemi kwamba kila aliyelitamka alilitamka kwa moyo, kwani wako walioitwa ndugu huku wakisubiri mlangoni mwa ofisi tangu asubuhi hadi jioni. Lakini neno liliwapa haki ya kulalamika. Baada ya sheria ya vyama vingi ya mwaka 1992, “ndugu” lilipungua masikioni, ingawa katika vikao vya chama lingali likisikika. Mahali pake, hata nje ya Bunge, likaenea “mheshimiwa”. Ni neno sanifu lisilo na kosa lolote la sarufi, lakini mlango wake ni mwembamba kuliko ule wa kijiweni.

Maisha yana mzaha wake. Mwaka 2010 Joseph Mbilinyi, mmoja wa waasisi wa muziki wa kizazi kipya, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini. Na mwaka 2015 Joseph Haule, anayejulikana kwa jina la Profesa Jay, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi. Watu waliosikika kwanza kwa lugha ya mitaani wakawa waheshimiwa. Kupanda huko ni kwa halali, nasi tunakufurahia. Lakini kwatuonyesha kwamba mtu mmoja aweza kuwa na funguo za vyumba vingi, na kwamba hasara si ya yule mwenye ufunguo wa kijiweni, bali ni ya yule aliyenyimwa funguo nyingine zote.

Hapo ndipo tunapoona wajibu wa shule na wa vyombo vyetu vya utamaduni. Mwalimu anayemwadhibu mtoto kwa neno la mtaani humfundisha jambo moja tu, kwamba Kiswahili sanifu ni kijiwe cha watu wengine. Mwalimu anayeliacha lipite bila ya kusema kitu naye humdhulumu, kwa sababu siku ya mtihani, siku ya kuandika barua ya kazi, na siku ya kusimama mbele ya hakimu, mtoto huyo atakuta mlango umefungwa. Njia iliyo ya haki ni kumwambia kwamba kila baraza lina lugha yake, kisha kumpa lugha ya mabaraza yote. Na baada ya hapo afundishwe kuuliza swali ambalo sisi wakubwa tumelisahau: neno hili ninalolisema, linamfungia nani nje?

Desturi yetu ni kwamba mgeni hupiga hodi, na mwenye nyumba hujibu karibu. Nyumba isiyo na mlango si nyumba, na hatuwezi kuwadai vijana waishi bila ya mlango wao. Lakini nyumba ambayo hodi yake hujibiwa kwa kicheko si nyumba ya Kiswahili, iwe ni ya kijiweni, ya ofisini au ya Bungeni. Kulirudisha neno karibu katika nyumba hizo zote ni kazi ya kila asemaye, na kwa kuwa sote twasema, kazi hiyo ni yetu sote.